Sauti Si Moyo

Watu wa elimu huona haya kukiri kwamba wamefunzwa jambo na televisheni. Mimi nakiri. Msimu wa kwanza wa Star Trek, ulioonyeshwa Marekani toka Septemba 1966 hata Aprili 1967, una vipindi 29. Vitatu katika hivyo nimevitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mwalimu mwenye kazi za kusahihisha. Vyote vitatu huuliza swali moja: mgeni hujulikana kwa nini?

Cha kwanza ni "The Man Trap", kilichofungua msimu. Mna kiumbe kinachoishi kwa chumvi, nacho huinyonya katika miili ya watu mpaka wakafa. Hakina sura moja. Kila mtu hukiona katika sura iliyo moyoni mwake. Kilipokutana na Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru, kilijigeuza kijana mweusi kikamsemesha Kiswahili, maneno laini ya kumliwaza mpweke. Niliposikia mara ya kwanza nilifurahi: lugha yangu imefika kwenye nyota! Kisha nikatambua kuwa ilikuwa chambo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Cha pili ni "Balance of Terror". Adui ambaye wanadamu hawajapata kumwona aonekana hatimaye, na uso wake wafanana na uso wa Spock, mwenzao merikebuni. Baharia mmoja, ambaye jamaa zake waliuawa katika vita vya kale, aanza kumtuhumu Spock kwa masikio yake tu. Mwishowe Spock ndiye amwokoaye baharia huyo.

Cha tatu ni "The Devil in the Dark", nacho nakipenda kupita vyote. Katika machimbo ya sayari ya mbali, kiumbe mfano wa jiwe kimeua watu zaidi ya hamsini. Wachimbaji wataka kulipiza kisasi. Kumbe kiumbe hicho ni mama, na yale mawe ya mviringo waliyokuwa wakiyavunja ni mayai yake. Spock agusapo fikira zake, chaunguza katika mwamba maneno matatu ya Kiingereza yasiyo na sarufi, ambayo yaweza kuwa ombi la kutouawa au ahadi ya kutoua. Hapana aliyeyacheka. Maneno hayo yaliokoa pande zote mbili.

Jioni moja nilikitazama kipindi hicho, na insha za wanafunzi zimo mezani. Moja nilikuwa nimekwisha ihukumu. Ngeli zake zilipigana, viambishi vilipotea njia. Nilisoma ukurasa mmoja nikaandika alama ya kushindwa. Mwenziwe, ambaye Kiswahili chake kilitiririka kama maji, nilimpa alama ya juu ingawa hakusema neno lolote. Nilikuwa nimechagua sauti tamu, nikaliacha jiwe.

Niliichukua insha ile nikaisoma mpaka mwisho. Mwandishi alieleza jinsi alivyokuwa mtoto, akasimama baina ya daktari na mama yake, akilazimika kumfasiria mama habari ya ugonjwa usioponyeka kutoka katika Kiswahili ambacho yeye mwenyewe hakukijua barabara. Alitafuta neno, hakulipata, akanyamaza. Mama akafahamu kwa kimya kile.

Nilibadili alama, na kesho yake nikamwita mwanafunzi nikamwomba radhi. Alitazama chini akasema, "Si kitu, Mwalimu." Lakini kilikuwa kitu.

Ngeli ningali nafundisha, wala sioni sababu ya kuacha. Lugha iliyolelewa vema ni haki ya kila mwanafunzi. Ila sasa kalamu nyekundu huiweka chini mpaka nimekwisha soma sentensi ya mwisho. Sarufi ni mlango wa nyumba, na nilikuwa nikiwarudisha watu mlangoni bila ya kuwauliza walichobeba.