Kobe wa Mwadui ni wa nani?

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Nina habari ya kobe.

Ukikulia Mwadui unajua mapema kwamba nyumba ni ya mgodi. Tangu Williamson agundue almasi pale mwaka 1940, watu wanaingia na kutoka. Kazi ikisimama, kama ilivyosimama Aprili 2020 wakati wa korona, mtu anafunga virago. Sisi tulipopewa nyumba tulimkuta kobe uani. Waliotutangulia nao walimkuta. Mama akasema, "Huyu ndiye mwenye nyumba, sisi wapangaji." Jina likawa hilo: Mwenye Nyumba.

Alikuwa yule mwenye madoa kama ya chui. Kumtunza si kazi kubwa, ila ina masharti. Chakula chake ni nyasi na majani. Ugali na makombo ya nyama si chakula chake. Apate jua, kivuli, na maji kwenye sahani isiyo na kina. Usimnyanyue ovyo: akiogopa anaweza kukojoa, na yale maji ni akiba yake ya kiangazi, na kiangazi cha Shinyanga mnakijua. Usimtoboe gamba ili umfunge kamba, maana limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Anasikia maumivu. Ukimshika, nawa mikono.

Sasa wiki iliyopita nikapigiwa simu. Familia fulani inahama Mwadui, ina kobe, inaomba nimpokee Dar. Atakuja na basi, ndani ya boksi. Nimekataa, na nimeitwa mchoyo.

Sababu ya kwanza ni sheria. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama hawa ni mali ya umma, Rais ni mdhamini tu. Kumiliki kunataka kibali, sembuse kumsafirisha kwa boksi!

Ya pili ni umri. Mnamkumbuka Mzee, kobe wa Haller Park Mombasa aliyefanya urafiki na Owen, mtoto wa kiboko, baada ya tsunami ya 2004? Alikadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Yule ni wa jamii ya Aldabra, wale majitu. Wetu hafiki huko, lakini miaka 50 si ajabu kwake. Mimi nimepanga ghorofani, mkataba wa miezi sita. Nitamwahidi nini?

Wengine wanasema basi atupwe porini. Hapana. Anaweza kupeleka magonjwa kwa wenzake, na hajui maji yako wapi. Nimewaambia waende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, Kishapu, kabla lori la kuhamia halijafika.

Mwadui imeshatoa vingi vilivyokwenda mbali. Almasi ya waridi ya karati 54 iliyopatikana 1947 alizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth. Sawa. Lakini kobe anakula nyasi za pale, analijua jua la pale. Kumpenda si lazima kumbeba.

Nasikia watoto wa nyumba ile wanalia. Nawaelewa kabisa. Ila ungekuwa wewe, ungempokea?