Safari Yetu ya Kigamboni

Sisi watu wa Mwamanyili, katika wilaya ya Busega, tumezaliwa kandokando ya maji. Lakini maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na watoto wetu hukatazwa kuyachezea kwa hofu ya mamba na kichocho. Kwa hiyo tulipojaaliwa kufika Dar es Salaam, baada ya safari ipitayo kilomita 1,000, watoto hawakutaka kuonyeshwa kingine ila bahari.

Kigamboni ni rasi iliyotengwa na jiji kwa mlango wa bandari tu. Liko Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016. Lakini sisi twalichagua pantoni ya Magogoni, watoto wapate kuyajua mawimbi. Hata hawajashiba kutazama meli, tumekwisha fika! Tukashika njia ya Mjimwema, penye hoteli za ufukweni.

Mchanga mweupe, upepo na minazi ni neema ya Mwenyezi Mungu. Lakini twalilipa kiingilio langoni, na ndani tukakuta ngoma na ulevi. Mama zetu wakakaa chini ya makuti wasiyaguse maji, maana hapakuwa na mahali pa stara. Tukajiuliza: je, pwani hii wameumbiwa wanaume peke yao?

Adhuhuri ikaingia. Mzee wetu akasita kutawadha kwa maji ya chumvi, ambayo hajapata kuyatumia maishani mwake. Binti yake, mwanafunzi wa madrasa, akamwambia kwa adabu, "Baba, Mtume (s.a.w.) aliulizwa habari hiyo hiyo na msafiri wa baharini, akafundisha kuwa maji yake ni tohara." Mzee akacheka, akayaingia maji, akatawadha. Tukaswali kwa kupunguza, mchanga ukiwa msala wetu.

Alasiri twalikwenda Gezaulole, jina lenye maana ya "jaribu uone" kwa Kizaramo. Ndipo ulipokuwa Mbwamaji, mji wa kale wa Waislamu. Tukawaombea dua waliotangulia. Wanawake wa kijijini wakawachukua mama zetu mpaka pwani ya faragha; wakarudi wameloa mpaka kiunoni, wakichekana kama wasichana.

Mtoto wetu mdogo alikuwa akijaza chupa maji ya bahari, ampelekee bibi yake Mwamanyili akayaonje.