Maganda Mawili Ndani ya Kiberiti

Nilipoagana na baba Tanga, mwaka 1977, alinitilia mkononi kisu chake cha kukunja. Mpini wake ulikuwa wa pembe, umekolea jasho la miaka, na kila upande, pale bapa linapoungana na mpini, palikuwa na kipande cha chuma king'aavu, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Waingereza hukiita bolsta. Baba alikiita kofia. Alikuwa nyapara katika shamba la mkonge, na siku aliyokinunua aliongeza shilingi mbili nzima ili apate chenye kofia.

"Hapa ndipo penye nguvu zake, mwanangu. Kisicho na kofia hulegea mwaka haujaisha."

Kikaja kulegea mikononi mwangu, tena Sheffield kwenyewe, mji wa visu wa Uingereza, nilikokwenda kusoma. Kosa lilikuwa langu, nilikitumia kubandulia kifuniko cha kopo la rangi. Tangu siku hiyo bapa likawa linacheza kushoto na kulia kama jino la mtoto.

Chama cha mafundi visu cha mji ule kilianzishwa mwaka 1624, na ni huko huko Harry Brearley alikopata chuma kisichoshika kutu, mwaka 1913. Lakini nilipofika mimi ufundi ulikuwa unakufa polepole. Karakana nyingi madirisha yalikuwa yamevunjika, na waliobaki walikuwa wazee, kila mmoja na chumba chake cha kupanga, benchi moja na jiliwa moja. Mmoja wao alikuwa na karakana njiani mwangu nikienda chuoni. Nilimwita Mzee, naye akalizoea jina.

Alikishika kisu, akakipeleka sikioni, akaigonga kofia kwa ncha ya patasi. Ililia kama debe tupu. Akanitazama kwanza, nadhani kuniomba radhi, kisha akaitia patasi kwenye ukingo na kusukuma kidogo. Kofia ikabanduka kama ganda la karanga. Ndani hamkuwa na kitu ila lehemu kuukuu na uchafu mweusi. Ya upande wa pili ikawa vivyo hivyo. Miaka yote ile pini inayoshika bapa ilikuwa imejishikilia kwenye bati la shaba jembamba kama la kopo la samaki, na bati lenyewe tundu lake lilikuwa limekwisha kuwa la yai.

"Hii ni ya kuuzia," akasema.

Akafungua mtoto wa meza na kutoa kisu cha zamani ambacho kofia na bati la ndani vilifuliwa pamoja, kipande kimoja cha chuma. Ukikikandamiza kisu kwa ubavu, alinieleza, pini ndiyo inayobeba mzigo, nayo hutanua tundu lake. Pembe hunywea, hupasuka, haiwezi kuizuia. Chuma kinene huipa pini mahali parefu pa kukaa, na hulinda ncha ya mpini kisu kinapoanguka. Ukikuta chini ya mpini kuna mabati mazito ya chuma cha pua, kofia haiongezi nguvu ya kutajika. Hapo unalipia uzuri, na uzuri nao una bei yake, wala hakuona aibu kuutoza.

Nikambishia. Nilikuwa nasomea uhandisi, kwa hiyo nilijua kila kitu. Akanitupia Opinel, kisu cha Kifaransa ambacho familia ya jina hilo ilianza kukitengeneza mwaka 1890: mti mtupu, hakina kofia, shingoni kina ukanda wa chuma tu, na juu yake pete ya kufungia bapa iliyoongezwa mwaka 1955. "Kitikise," akasema. Nilikitikisa. Hakikucheza.

Kisu cha baba alikirudisha baada ya wiki mbili. Kofia mpya alizichonga kwa tupa kutoka kwenye kipande kizima cha ule mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli unaong'aa kama fedha wala hauna fedha hata chembe. Pini nayo ilikuwa ya mchanganyiko uo huo. Aliigonga kwa nyundo ndogo mpaka ikajaza tundu, akaisugua, na kichwa chake kikapotea. Nimekitafuta kwa kidole mara nyingi, nikiwa nimefumba macho, sikukipata.

Nilirudi Tanga mwaka 1980. Baada ya shikamoo na chai nikampa baba kisu chake, nimekipiga msasa wa mwisho mwenyewe. Hakukifungua. Alikipima kiganjani, juu, chini.

"Hiki si changu. Changu kilikuwa chepesi."

Ikabidi nitoe kiberiti nilichohifadhia yale maganda mawili. Akayamwaga mezani, akalipuliza moja, likaruka hadi kwenye kisosi.

"Haya ndiyo niliyoyaongezea shilingi mbili?"

"Ndiyo, baba."

Alicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kisha akatia kisu mfukoni, akayarudisha maganda ndani ya kiberiti, nacho akakitia mfuko wa pili.