Helsinki, Ambako Jua Huchomoza Saa Tatu na Nusu

Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wa leo ni wa baridi. Wengi mmeniuliza majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Ufini yalikuwaje, nami nimekuwa nikiahidi kuandika na kuahirisha kama mwanasiasa. Basi leo nimeketi. Hamtaona msimbo mwingi. Kuna mstari mmoja tu, na huo ndio ulionitia aibu.

Nilifika Helsinki Aprili 2023 na begi moja, tarakilishi moja, na sweta ambayo shangazi aliapa kwamba itatosha. Haikutosha hata kwa huo Aprili. Lakini kuna jambo lilinifurahisha siku ya kwanza: saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Helsinki na Nairobi zina saa moja. Nikitazama ukutani najua nyumbani wanafanya nini. Hakuna kujumlisha, hakuna kutoa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kupambana na tarehe na saa ndani ya programu, niliona kama nimepewa zawadi ya kunikaribisha.

Sasa, nyanya yangu anaishi Voi. Ana mulika mwizi, zile simu za vibonye zenye tochi. (Wengi wetu tochi ile tuliijulia kwenye Nokia 1100 ya mwaka 2003, simu ya kampuni ya huku huku Ufini. Dunia ni kijiji.) Mambo ya WhatsApp hataki kuyasikia. Anasema simu ni ya kusikiza, si ya kuonyeshana pua. Mchana huizima ili chaji isiishe. Lakini kila Jumapili, saa mbili usiku, akishakula, huiwasha na kukaa nayo mkononi akinisubiri. Ikifika saa tatu anaizima na kulala. Huo ndio utaratibu, na haubadiliki hata mbingu ishuke.

Mimi najijua. Nikizama kazini nasahau hata kula. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu nikaandika skripti ndogo ya kunikumbusha, nikaikabidhi kwa kroni, kile kitumishi cha Linux kinachoendesha kazi kwa ratiba:

0 20 * * 0

Maana yake: dakika sifuri, saa ishirini, tarehe yoyote, mwezi wowote, siku ya Jumapili. Saa hiyo ikifika tarakilishi inalia na kwenye kioo kunatokea neno moja: NYANYA. Ilifanya kazi Aprili, Mei, Juni, yote hadi Oktoba bila kukosea hata mara moja. Nilijiona fundi kweli kweli.

Tarehe 29 Oktoba 2023 saa zikarudishwa nyuma. Huku wanafanya hivyo kila mwaka, pamoja na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Wafini wenyewe wamechoka nayo. Mwaka 2017 zaidi ya watu 70,000 walitia sahihi kutaka iachwe, na mwaka 2019 Bunge la Ulaya likapiga kura ya kuiondoa, lakini jambo lile limekwama tu. Basi simu yangu ikajirekebisha, tarakilishi ikajirekebisha, jiko la umeme halikujirekebisha. Nilifurahia kulala saa moja zaidi nikasahau habari hiyo.

Jioni hiyo kengele ikalia, nikapiga Voi. Mteja. Nikajiambia labda stima imepotea. Jumapili iliyofuata, mteja. Iliyofuata, mteja. Nilikuwa na kazi nyingi, nikaacha hivyo.

Katikati ya Novemba nikiwa kwenye tramu, saa kumi kasorobo, jua likizama (ndiyo, saa kumi kasorobo jioni), ujumbe wa shangazi ukaingia: "Nyanya anasema baridi imekugandisha moyo. Kila Jumapili anakaa na simu mpaka saa tatu, halafu anaizima. Kama una shida sema."

Nilisoma mara mbili. Nikafungua orodha ya simu nilizopiga. Saa mbili, saa mbili, saa mbili. Saa mbili za Helsinki. Kenya hairudishi saa nyuma. Saa mbili yangu ilikuwa saa tatu yake. Kumbe dakika anayozima simu ndiyo dakika ninayopiga mimi. Wiki tatu tumekuwa tukipishana mlangoni.

Jamani, mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta. Nalipwa mshahara kuandika programu ambazo mtu wa nchi moja anaweka miadi na mtu wa nchi nyingine. Nimewahi kumkemea mwenzangu kwa kosa hili hili, mbele ya watu. Na bibi wa miaka themanini na kitu anakaa na simu mkononi kwa saa nzima, anajiambia mjukuu amepotea, kwa sababu ya tarakimu mbili nilizoandika kwa haraka mwezi Aprili.

Kurekebisha kulichukua chini ya dakika moja. Kwenye faili ya kroni unaongeza mstari wa juu unaosema CRON_TZ=Africa/Nairobi, na hesabu yote inafuata saa za nyumbani (kroni za aina zote haziuelewi mstari huo, kwa hiyo angalia yako kwanza). Na mkipata nafasi, tazameni historia ya Nairobi ndani ya hifadhidata ya saa za dunia ambayo tarakilishi nyingi hutumia. Kuna kipindi katika karne iliyopita saa zetu zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Dakika 45! Nani alikaa mezani akaamua hivyo?

Jumapili ya tarehe 19 Novemba nikapiga. Akashika mlio wa kwanza.

"Nani?"

"Ni mimi, nyanya. Shikamoo."

"Marahaba, mume wangu. Umefufuka?"

Nikaeleza. Kwamba huku ikifika Oktoba saa zinarudishwa nyuma. Akauliza nani anazirudisha. Nikasema serikali. Kimya kidogo.

"Serikali irudishe saa nyuma?"

"Ndiyo, nyanya."

"Mume wangu, sema tu ulisahau. Mimi sitakasirika."

Nilijaribu tena. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo wa mtoto aliyevunja sahani. Nikaomba radhi, yakaisha, ingawa kwake yaliisha kama kosa langu la kusahau na si la serikali.

Kisha giza likaja kweli. Sijui niwaeleze vipi nyinyi mnaovaa jaketi Julai kule Limuru mkidhani mmeona baridi. Baridi inazoeleka. Unavaa nguo tatu, unavaa viatu vyenye misumari midogo chini, unatembea kama bata juu ya barafu iliyomwagiwa changarawe, unafika. Ndani ya nyumba kuna joto, madirisha yana vioo viwili au vitatu, ofisini watu wanavua viatu na kutembea na soksi. Watoto wachanga wanalazwa nje kwenye vigari vyao, kwenye baridi hiyo hiyo, wanakoroma. Nilipoona mara ya kwanza nilitaka kuita polisi.

Vitu vidogo ndivyo vinavyokushika. Simu yangu ilizimika kituoni ikiwa na chaji asilimia 30. Betri hizi za lithiamu zikipoa sana, mwendo wa kemikali ndani yake unapungua, zinashindwa kutoa nguvu inayotakiwa, basi simu inajizima ingawa chaji bado ipo. Dawa yake ni mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na glavu: kioo cha simu husikia umeme mdogo wa kidole, sufu haiupitishi, kwa hiyo wanauza glavu zenye nyuzi maalum kwenye ncha za vidole. Kabla ya kuzijua nilikuwa nikipokea simu kwa pua. Nyanya hajui, na sina mpango wa kumwambia.

Lakini giza ni kitu kingine. Tarehe 22 Desemba Helsinki jua lilichomoza saa tatu na dakika 24 asubuhi, likazama saa tisa na dakika 13 alasiri. Chini ya saa sita za mwanga, na mara nyingi hata hizo ni za kijivu. Sheria inamtaka mtembea kwa miguu avae kipande cha plastiki kinachorudisha mwanga, gari lisije likamwona akiwa amechelewa. Taa za mwanga mkali mezani, maziwa yenye vitamini D iliyoongezwa. Kuna wanaosema giza hili ndilo linalozaa waandishi wa programu: gumzo la IRC lilianzia Oulu mwaka 1988, Linux hapa Helsinki mwaka 1991, SSH mwaka 1995 jirani hapa Espoo. Nadharia tamu, ila Linus Torvalds alitangaza Linux mwezi Agosti, jua likiwaka.

Mimi kilichonichanganya ni saa ya Kiswahili. Saa yetu inahesabu jua. Jua likitoka, saa moja imekaribia; likizama, unaanza upya. Pale Voi, Januari au Julai, tofauti ni dakika chache tu, kwa hiyo sijawahi kufikiri kwamba neno "saa tatu asubuhi" limebeba picha: kivuli, chai ya pili, joto likianza kupanda. Huku nasema saa tatu asubuhi nikiwa nimeshika nguzo gizani. Neno linatoka mdomoni, picha haiji.

Labda ndiyo maana Wafini wanapenda mishumaa kiasi hiki. Tarehe 6 Desemba ni siku yao ya uhuru, wa mwaka 1917. Nilitarajia gwaride na kelele, kama Jamhuri yetu ya tarehe 12. Gwaride lipo, ila jioni watu wanaweka mishumaa miwili dirishani, kisha wanatazama televisheni rais akisalimiana na wageni wake mmoja mmoja, kwa saa kadhaa. Nilitazama yote. Sijui kwa nini.

Krismasi yenyewe husherehekewa tarehe 24, na mwaka ule iliangukia Jumapili, siku ya nyanya. Mwenzangu wa kazini alinialika kwao. Saa sita mchana tulikaa kutazama tangazo la Amani ya Krismasi kutoka Turku, desturi iliyoanza zama za kati: mtu anasimama kwenye roshani na kusoma karatasi inayowatakia watu heri na kuwaonya watakaovunja amani. Tukala uji wa mchele uliofichwa lozi moja. Anayeipata ana bahati. Aliipata mtoto, nikashuku mkono wa mama yake. Kisha sauna, kisha paja la nguruwe. Na baba mkwe wa mwenzangu akatoka "kutazama gari" akarudi na ndevu za pamba. Huku Baba Krismasi anaitwa Joulupukki, na maana yake neno kwa neno ni beberu wa Krismasi! Niliwaambia kwetu pia tuna beberu wa Krismasi, ila haleti zawadi. Analiwa. Walicheka kwa adabu.

Kabla ya chakula tulikwenda makaburini. Kila familia inawasha mshumaa kwenye kaburi la mtu wao, theluji chini, na mamia ya miali midogo pande zote. Hakuna aliyezungumza. Babu yangu amezikwa nyuma ya nyumba kule Voi, na nikagundua sijawahi kumpelekea kitu chochote tangu nilipotupa ule udongo.

Saa moja usiku kengele ikalia. Nikatoka kibarazani na kupiga. Nyuma ya nyanya nilisikia muziki, watoto, mtu akiuliza soda zimefichwa wapi. Walikuwa wamejaa, wengine wameshuka na treni ya SGR kutoka Nairobi.

"Huko ni saa ngapi?"

"Saa moja usiku, nyanya."

"Giza limeingia?"

"Tangu saa tisa."

"Saa tisa ya mchana?" Akaifikiria. "Na jua lilitoka lini?"

"Saa tatu na nusu."

"Hapana," akasema, kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Jua likitoka ni saa kumi na mbili. Hiyo saa yenu imeharibika. Si ajabu hukunipata."

Sikuwa na la kujibu. Nikamweleza habari ya mishumaa makaburini. Akanyamaza, kisha akasema atawaambia watoto wamwashie babu mmoja, ila wasiache kuuangalia, nyasi zimekauka.

Baada ya hapo Januari ikapiga. Tarehe 5 kule Enontekiö, kaskazini kabisa, walipima nyuzi 44.3 chini ya sifuri. Nilikaa ndani. Machi saa zikarudi sawa na Nairobi, na kengele yangu haikutikisika.

Ila tangu mwaka ule, kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, dakika tano kabla ya saa mbili za Voi, simu yangu hulia mara moja na kukatika. Ni nyanya, ananibipu. Anahofia serikali imeiba saa tena.