Usukani Mbali na Bahari

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Kitui au Makueni huujua usukani kabla ya kuiona bahari. Huuona mikononi mwa dereva wa matatu, na katika malori yatokayo Mombasa yakipita Kibwezi, Makindu na Emali. Basi akutanapo na shairi linalomwita kiongozi mshika usukani, huwazia gurudumu. Hapo ndipo maana inapomponyoka, kwani usukani wa chombo una tabia nyingine.

Mfano mzuri ni katamarani ndogo ya tanga, iliyo mithili ya mitumbwi miwili iliyoungwa kwa mihimili. Jina lake limetokana na Kitamil, kwa maana ya magogo yaliyofungwa pamoja. Isichanganywe na ngalawa, ambayo ni mtumbwi mmoja wenye mirengu pande mbili. Katamarani huwa na misukani miwili, mmoja tezini mwa kila mtumbwi, na atakaye kuitambua atazame ilivyofungwa. Upo uliokazwa, ukaao majini daima; huo huumia upesi ukigonga mwamba. Upo ukunjukao, ambao ubapa wake huinuka ugusapo mchanga, kama ule wa Hobie 16 ya Marekani. Wa tatu hupandishwa na kuteremshwa wima ndani ya ala, mfano wa kisu.

Misukani hiyo huunganishwa kwa ufito mmoja, ikageuka pamoja chini ya mkono mmoja. Wahenga waliponena kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama, hawakulaumu wingi wa misukani, bali wingi wa amri.

Tena, gurudumu likigeuzwa kulia, gari huenda kulia. Kana ikisukumwa kulia, chombo huelekea kushoto. Aidha, usukani hauna nguvu ila maji yapite ubavuni mwake. Chombo kilichosimama hakiusikii. Kwa hiyo, kumwita kiongozi mshika usukani si kumsifu kwa nguvu tu. Ni kukiri kwamba uwezo wake wategemea mwendo wa wale anaowaongoza. Msomaji aliyewazia gurudumu hawezi kuifikia maana hiyo.

Mwalimu wa bara hahitaji pwani ili kuifundisha. Kipande cha ubao kikiinamishwa katika kijito chenye mkondo, mkono huhisi kinavyosukumwa kando. Na maji ya Mto Athi, upitao mpakani mwa Kitui na Makueni, huishia baharini karibu na Malindi, mto ukiitwa Sabaki. Istilahi za bahari nazo zaweza kuifuata njia hiyo hiyo, zikipanda kuelekea bara.