Na motokari ya marehemu baba mpaka Kolwezi

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwenye motokari nzee, unajua kwamba safari haianzi barabarani. Inaanza usiku wa mbele, wakati unalala na masikio wazi ukijiuliza kama batri itakubali asubuhi. Na kama ni mwezi wa saba, wakati baridi ya Lubumbashi inauma vidole, jibu unalijua. Saa kumi na moja asubuhi tulikuwa tunasukuma: mimi, mwana wangu wa miaka 13, na walinzi wawili wa jirani ambao walikuwa wamejifunika blanketi mpaka puani. Motere ilikubali mara ya tatu. Walinzi walipiga makofi.

Tulikuwa tunaenda Kolwezi, kilometa karibu 300, sababu mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa siku ya posho. Mama alikuwa ametuma neno moja tu: «Motokari ya baba yenu njo itamupeleka.» Sikuweza kumjibu kwamba motokari ya baba yetu ilihitaji kwanza kupelekwa yenyewe.

Ni Toyota Corolla nyeupe ya mwaka wa 1993. Wewe wa Likasi ao wa Kolwezi, haifai nikueleze sana ilitoka wapi. Katika mwaka wa 2003, kiisha miezi mingi bila mshahara, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuacha kazi kwa hiari, kila mmoja na feza yake ya mara moja mkononi. Wengine walilipa madeni, wengine walimaliza nyumba. Na wengine walinunua motokari, wakiwaza kwamba itakuwa taksi na kuleta unga kila jioni. Baba, aliyekuwa ametumika maisha yake yote katika karakana kubwa za Panda, alikuwa mmoja wao. Taksi ilidumu miaka miwili. Lakini motokari alikataa kuiuza, na alipokufa ikabaki kwangu. Zingine za wakati ule umeziona: zimesimama uani juu ya matofali, kuku wanatagia ndani.

Motokari hizi zilitoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, zikapita Zambia, zikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kule zilikotengenezwa watu wanatembea upande wa kushoto. Sisi tunatembea upande wa kuume. Kwa hiyo volani yetu iko upande wa majani, si upande wa katikati ya barabara. Mjini haisumbui sana. Lakini toka nje ya Lubumbashi, pita peaji, ingia nyuma ya kamyo yenye kupakia mbao za shaba ao kisima cha asidi, na utaelewa. Wewe shofere unaona paka matako ya kamyo. Anayeona barabara ni yule aliyeketi kushoto kwako. Yeye anainama, anachungulia, anasema: «Pita!» Na wewe unapita.

Siku ile aliyeketi kushoto alikuwa mwana wangu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu miaka 10, na alijivunia.

Mbele ya kuendelea, acha nikuonyeshe kitu kidogo ambacho wengi hawaangalie. Kama unanunua mapine ya okazio, usitazame meno tu. Tafuta ubavuni alama ndogo ya namba ine. Ikiwa imeandikwa 2309, maana yake juma la 23 la mwaka wa 2009. Pine inaweza kuwa na meno mazuri sana na kumbe mpira umekauka ndani sawa mkate wa juma lililopita. Mwenye kuuza atakuambia ni namba ya kiwanda. Ni kweli, lakini hamalizi maneno.

Basi, mapine yangu nilikuwa nimeyaangalia. Nilijisifu kwa hilo.

Kukaribia Luisha, sindano ya moto ilianza kupanda. Tulisimama kando, karibu na akina mama wenye kuuza makala na viazi. Kifuniko cha radiyatere hakifunguliwe wakati motere iko moto, sababu mvuke utakutoa ngozi ya uso. Tulingoja karibu saa nzima, tukakula viazi. Kulikuwa na harufu ya kuungua. Mwana wangu alizunguka motokari, akagusa chuma cha gurudumu la mbele na kutoa mkono upesi. «Papa, gurudumu iko moto sana.» Nikamwambia ni jua. Saa mbili na nusu ya asubuhi, mwezi wa saba! Lakini nilikuwa nimeshika akilini kwamba ugonjwa ni wa radiyatere, na mtu aliyekwisha kushika ugonjwa wake hasikii tena.

Tulitia maji, tukaenda. Motokari ilikuwa nzito, sawa vile inavuta kitu. Mbele ya Likasi barabara inaanza kupanda na kushuka katikati ya vilima, na pale tulikuta kamyo mbili zinafuatana polepole. Mwana wangu akainama, akachungulia. «Pita, papa.» Nikatoka. Nilikuwa nimefika ubavuni mwa kamyo ya kwanza aliposema kwa sauti ambayo sikuijua: «Hapana! Iko moja iko nakuya! Rudia!»

Nikakanyaga freni. Mguu ukashuka mpaka chini, laini, sawa kukanyaga matope. Nikapompa mara mbili, mara tatu, kitu kidogo kikashika, na shofere wa kamyo, Mungu amubariki popote alipo, alikuwa ametuona katika kioo chake na kuvuta kwa upande wa majani. Tuliingia kati ya kamyo mbili. Ile ya mbele ikapita na honi ndefu. Hakuna aliyesema kitu. Kiisha mtoto akasema: «Papa, sikuiona. Ilitoka mu bonde. Sikuiona.» Akasema hivyo mpaka Likasi.

Tuliingia mjini kwa mwendo wa baiskeli. Niliulizia fundi, wakanipeleka kwa mzee mmoja ambaye anatengenezea uani kwake, chini ya mwembe. Kumbe alikuwa ametumika Panda; baba alimjua kwa jina. Wazee wale wa karakana walijifunza kazi wakati ambapo kipande kikikosekana kinachongwa, hakingojewe. Hakuuliza mengi. Alitoa kifuniko cha chombo kidogo cha mafuta ya freni, akachovya kidole, akanusa, akapangusa kidole kwa kitambaa.

«Nani alitia mafuta hii?»

Ndugu msomaji, ningependa kukuandikia kwamba ni kijana fulani wa garaji fulani. Ni miye. Juma moja mbele, usiku, niliona yamepungua, na jirani alikuwa na chupa yenye mafuta ya motere iliyobaki. Nikawaza: mafuta ni mafuta.

Mzee alifungua pompi ya freni na kunitolea vile vipira vidogo vya ndani. Vilikuwa vimevimba, laini, sawa maharagi yaliyolala majini. Akanieleza polepole, sawa vile alivyoeleza vijana wa kazi zamani. Mafuta ya motere yanavimbisha mpira wa freni. Ukivimba unaziba kitundu ambamo mafuta yanarudia, kwa hiyo freni inashika kidogo na haiachi. Magurudumu yanafunga bila wewe kujua. Motere inavuta kwa nguvu na kupata moto. Freni nayo inapata moto mpaka mafuta yake yanachemka, na mafuta yaliyochemka yana mvuke ndani. Mvuke unakubali kukandamizwa. Njo mguu unashuka.

Mwana wangu alikuwa amesimama pale, anasikiliza yote. «Kwa hiyo gurudumu ilikuwa moto kwa ile,» akasema. Mzee akamtazama. «Uliishika?» «Ndiyo, nkambo.» Mzee hakunitazama mimi, na ninamshukuru.

Nilimwomba aifunge tu namna ilivyo, asafishe, atie mafuta mazuri, twende, arusi haingojei. Akakataa. Vipira vyote vibadilishwe, na mipira mirefu ya magurudumu ine, na bomba zote zisafishwe. Vipande vingetoka Lubumbashi kwa basi. «Siku ya tatu, mwanangu. Mbele ya pale funguo iko kwangu.» Na kweli akaitia mfukoni. Nilikasirika, nitakuambia ukweli. Nilihesabu feza mara mbili mbele yake ili aone kwamba ninaumia.

Tulilala kwa watu wa jamaa, na asubuhi tukapanda basi. Nilipita Fungurume na daraja la Lualaba kama abiria, nikiona vitu ambavyo shofere haoni. Kolwezi, mama alikuwa amesimama kwa mlango. Alitazama nyuma yetu, barabarani.

«Na motokari ya baba yenu?»

«Iko Likasi, nkambo,» mtoto akajibu. «Kwa rafiki yake nkambo mwanaume.»

Mdogo wangu alipelekwa kanisani na pikapu ya bwana mmoja wa kwaya. Ilipambwa vizuri.

Siku ya tatu tulirudia Likasi. Mzee alikuwa amechonga na ngoma za freni za nyuma kwa mashini ya rafiki yake, bila kuniomba kitu juu yake. Nilikanyaga freni: ngumu, juu kabisa, namna nilikuwa nimesahau. Nilimlipa nusu, nusu nyingine nikaituma mwisho wa mwezi.

Mtoto alifungua mlango wa nyuma, akaketi pale. Sikumwambia kitu. Karibu na Luisha tulikuta kamyo ya asidi inaenda kilometa 40 kwa saa, na tuliifuata hivyo mpaka taa za Lubumbashi.