Mwaka Nyenje Walipoadimika

Mwaka 2010 nyenje waliadimika Marekani. Virusi vilivyokuwa vimeshayavuruga mashamba ya nyenje ya Ulaya miaka ya nyuma vilikuwa vimeingia huku pia, na nyenje wa kufugwa wakawa wanalala chali, wanapunga miguu kidogo, wanakufa kwa maelfu. Yako mashamba yaliyofilisika. Sisi tulikuwa tunaishi Columbus, Ohio, na kijana wangu alikuwa na chura wa mitini wa kijani pamoja na mjusi wa Kiaustralia, yule ambaye akikasirika ngozi yenye miiba ya chini ya kidevu hutuna ikawa kama ndevu. Wote wawili hula wadudu walio hai. Kila tukienda dukani tunakuta matangi ya nyenje matupu, mpaka muuzaji mmoja akatushauri tufuge mende.

Nimezaliwa Tanga. Mama yangu akimwona mende mmoja kabatini, vyombo vyote vilitolewa uani vikaoshwa kwa maji ya moto. Nilimpigia simu kumweleza.

"Mwanangu, mende unamnunua kwa pesa?"

"Ndiyo, mama. Si hawa wa jikoni, hawa wametoka Amerika ya Kusini."

"Haya. Mungu akuongoze."

Watu wengi waliniuliza kwa nini tusiwakamate wale wa bure. Mende wa majumbani hupuliziwa dawa, na anayenusurika huweza kubeba sumu na minyoo hadi tumboni mwa mnyama wako. Hawa wetu, wanaoitwa dubia, ni viumbe wengine kabisa. Hawawezi kupanda plastiki laini wala kioo. Dume ana mabawa marefu lakini kuruka hajui, jike ana vijibawa vifupi tu mgongoni. Bila joto hawazaliani, kwa hiyo hata mmoja akiponyoka kwenye nyumba ya Ohio wakati wa baridi, ukoo wake unaishia hapohapo. Hilo ndilo lililonituliza.

Tuliwaweka kwenye boksi refu la plastiki, ndani tukasimamisha trei za mayai za karatasi wima, ili kinyesi kidondoke chini badala ya kukaa walipolala wao. Upande mmoja tuliwawekea mkeka wa umeme, joto likae kwenye nyuzi 30 au zaidi kidogo. Maji hayawekwi kwenye bakuli, kwa kuwa wadogo huzama. Badala yake tuliwapa vipande vya machungwa na karoti. Boksi likiwa kavu na matunda yaliyochacha yakitolewa mapema, halinuki. Nyenje walikuwa wananuka, na usiku hawakutuacha tulale kwa kelele. Siku za kusafisha nilivaa barakoa, maana vumbi la kinyesi cha mende huwapa baadhi ya watu kikohozi na mafua ya mzio.

Kilichokuwa kigumu ni kungoja. Mtoto wa dubia huchukua miezi kadhaa kuwa mkubwa, na ukianza kuwalisha wanyama mapema unakula mtaji. Kwa hiyo kwanza tulinunua minyoo ya unga ya kuwalisha, ghali na yenye mafuta mengi, tukawaacha mende wazaane. Majike hawakuguswa. Madume waliozidi ndio waliotangulia kuliwa.

Jioni moja niliinua trei nikamkuta jike anazaa. Dubia hatagi mayai akayaacha. Hukaa nayo tumboni mpaka yaanguliwe humohumo. Walikuwa wanatoka mmoja mmoja, weupe kama punje za mchele, macho meusi tayari, wakikunjua miguu huku bado wamegusana. Nilichelewesha chakula cha jioni nikiwatazama. Baada ya saa chache walikuwa wameshakuwa wa kahawia, wamejificha.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kuwajali wao wenyewe, si kwa ajili ya chura tu. Chochote walichokula mende leo kilikuwa kinaingia kwa chura kesho, basi kabla ya siku ya kulisha niliwapa mboga za majani na boga, vitu ambavyo ningempa mtoto. Halafu kijana aliwatikisa ndani ya kikopo chenye unga wa kalsiamu, kwa sababu wadudu wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mjusi asiyeongezewa mifupa yake hulainika mpaka ashindwe kusimama. Mende hapaswi kuzidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mnyama. Chura alimrukia kwenye kibano, akamsukuma kinywani kwa mikono yote miwili, kisha akafumba macho. Kijana wangu ndiye aliyenifundisha kwamba macho yale yanazama ndani ili kusaidia kusukuma tonge kooni.

Baadaye nyenje walirudi madukani, baadhi yao wa jamii nyingine inayohimili ule ugonjwa. Hatukuwarudia. Boksi letu lilikuwa limejaa kiasi cha kuwagawia wafugaji wengine, na kila aliyekuja kuchukua niliongozana naye mpaka kwenye mkeka wa joto nikamwambia aweke mkono asikie joto lenyewe, anunue kipimajoto kabla ya kununua chakula, na asimlishe mnyama wake jike hata mmoja mpaka aone watoto kwenye trei.